Nimekimbia dakika 12 nikawa wa 14: je, mbio za baiskeli za milimani nimeshazikosa?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, nakaa Mwandiga, Kigoma, kazi yangu ni kubeba mawese kwa baiskeli kutoka vijijini kuleta sokoni, dumu nne za lita 20 kila safari. Mwaka huu tumeunda kikundi cha baiskeli, tuko 18. Miezi miwili ijayo kuna mbio za milimani, kilomita 45 za njia ya vumbi na mawe, kupanda upande wa Kalinzi na kurudi. Kikundi kina baiskeli tano tu nzuri za gia, kwa hiyo lazima wachaguliwe watano. Wiki iliyopita kocha alitupima uwanjani kwa kukimbia dakika 12. Nilipata mita 2,350, nikawa wa 14. Akapiga hesabu akasema mapafu yangu ni 41, na mwenye chini ya 50 hana lake milimani. Wa kwanza ni mcheza mpira, alipata mita 3,000. Lakini tukipanda mlima kwa baiskeli jamaa huyo namwacha. Wiki tatu kabla ya kipimo nilikuwa naumwa malaria, na hadi leo nikipanda mlima mrefu moyo unadunda sana, kuna siku kifua kilibana nikashuka. Je, kipimo kile kinasema kweli? Na sisi tusio na mashine tunaweza kujipima vipi? Au niache tu nibaki na mawese yangu?"

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mara mbili, na nitaanza na lile uliloliweka mwishoni kana kwamba ni dogo: moyo kudunda kupita kawaida na kifua kubana ukiwa mlimani. Hilo linatangulia kipimo, linatangulia mbio, linatangulia hata hiyo baiskeli ya gia. Kabla hujapanda mlima mwingine kwa nguvu zako zote, nenda kituo cha afya kilicho karibu, na ukiweza fika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Eleza kama ulivyonieleza mimi: kifua kilibana wapi, kwa dakika ngapi, na kiliachia uliposhuka au kiliendelea. Sema pia kama katika ukoo wenu kuna aliyeanguka ghafla akafariki angali kijana, au kuna mwenye selimundu. Omba wapime wingi wa damu, warudie malaria, wausikilize moyo. Wakiona haja watakupima umeme wa moyo. Ikitokea tena kifua kikabana, au ukaona kizunguzungu, au macho yakaingia giza ukiwa unanyonga, shuka hapo hapo, usisubiri kumaliza mlima, na siku hiyo hiyo uwahi hospitali.

Sisemi una ugonjwa wa moyo. Kwa umri wako na malaria ya juzijuzi, ninachokishuku kwanza ni upungufu wa damu. Ila kushuku si kupima, ndiyo maana nakutuma kwa daktari. Na usianze vidonge vya kuongeza damu kwa kubahatisha, kwa sababu damu iliyopungua kwa malaria si lazima iwe imekosa madini ya chuma.

Nikueleze kinachotokea, maana hapo ndipo na kipimo chako kilipoharibikia. Vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Ndani ya chembe hizo kuna hemoglobini, na ndiyo inayobeba karibu oksijeni yote inayokwenda kwenye misuli. Gramu moja ya hemoglobini hubeba kama mililita 1.34 za oksijeni. Mwanaume mzima anatarajiwa kuwa nayo angalau gramu 13 katika kila desilita ya damu. Tuseme wewe ukiwa mzima una 15, na malaria ikakushusha hadi 12. Umepoteza moja ya tano. Fikiria treni inayokuja Kigoma kutoka Tabora na mabehewa 15, mara yakakatwa matatu: injini ni ile ile, reli ni ile ile, ila mzigo unaoshushwa stesheni umepungua. Njia pekee ya kufidia ni kuongeza safari, na hicho ndicho moyo wako unachofanya unapodunda kwa kasi mlimani. Chembe mpya hazitengenezwi kwa siku mbili tatu. Mwili unahitaji wiki kadhaa kujazia. Kwa hiyo homa imekwisha, unajisikia umepona, unakula vizuri, lakini mabehewa bado hayajatimia. Na kipimo cha dakika 12 kinategemea sana hayo mabehewa.

Tuje sasa kwenye hiyo 41.

Hesabu ya kocha wako ni sahihi. Ametumia kanuni ya Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, aliyeitoa mwaka 1968: chukua mita ulizokimbia kwa dakika 12, toa 504.9, gawa kwa 44.73. Kwa mita 2,350 unapata 41.2. Maana yake ni kwamba mwili wako unakadiriwa kuweza kutumia mililita 41 hivi za oksijeni kwa kila kilo ya uzito, kila dakika. Hayo si mapafu. Kwa mtu mwenye afya, mapafu mara nyingi yanaingiza hewa ya kutosha na kubaki. Kinachobana ni moyo kuisukuma damu, damu kuibeba oksijeni, na misuli kuichukua na kuitumia. Kwa hiyo usitembee Mwandiga ukidhani una mapafu mabovu. Umepewa makisio ya mfumo mzima, katika wiki ambayo sehemu moja ya mfumo huenda ilikuwa pungufu.

Na makisio hayo yana historia ambayo watu wengi wanaobeba ile kanuni hawaijui. Cooper aliwapima wanajeshi 115. Umbali waliokimbia ulilingana sana na vipimo vyao vya maabara. Kwa kipimo cha wanatakwimu, ambapo 1 ni kulingana kabisa, alipata 0.897. Hiyo ni namba nzuri kweli. Lakini walikuwa watu wa kila aina, kuanzia vijana wa miaka 17 hadi watu wazima wa miaka 52. Ukikusanya wavuvi wa Kibirizi, makarani wa ofisini, wanafunzi na wazee wastaafu ukawakimbiza, kipimo chochote cha pumzi kitawapanga vizuri, kwa sababu wanatofautiana kama mlima na bonde. Chukua sasa vijana 18 wa rika moja, wote wa baiskeli, wote wenye miguu. Tofauti zao za pumzi ni ndogo, na mambo mengine yanaanza kuamua nani atamwacha nani. Hata kwa waendesha baiskeli wa milimani wa kiwango cha juu hali ni hiyo: watafiti wa Italia waliwapima maabara kwa mashine kamili, na vipimo vyote vya pumzi vikaeleza chini ya nusu ya tofauti zao kwenye mashindano. Kama maabara inakosa nusu, uwanja wa mpira utakosa zaidi.

Mpaka wa 50 nao si sheria. Wanaume wanaoshindana kimataifa kwenye mbio hizi mara nyingi wanapita 65, wengine 70 na zaidi. Kwa mbio za vijana wa mkoani hakuna ukuta uliojengwa kwenye 50, kwamba huyu wa 49 abaki na huyu wa 51 aende. Nadhani kocha alihitaji mahali pa kukata, akakata. Ninamwelewa: ana baiskeli tano na vijana 18.

Lipo pia suala la kukimbia kwenyewe. Mwili hujenga kile unachokifanya. Mcheza mpira anakimbia kila jioni. Miguu yake imezoea kupokea uzito na kuusukuma tena, hatumii nguvu nyingi kwa kila hatua. Wewe mara ya mwisho kukimbia dakika 12 mfululizo ilikuwa lini? Mawese ni mepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kama kilo 18. Dumu nne ni kilo 72 kwenye keria, pengine kukuzidi wewe mwenyewe. Unanyonga mzigo huo polepole, kwa nguvu kubwa kila unapokanyaga pedeli, saa nyingi, siku nyingi. Misuli ya mapaja yako imejifunza kazi ambayo uwanja haukuiuliza. Ndiyo maana jamaa anakuacha kwenye nyasi na wewe unamwacha mlimani, na hapo hakuna muujiza.

Lakini nisikudanganye kwa upande wa pili. Mita 3,000 zinampa huyo mcheza mpira karibu 56. Hiyo ni injini kubwa. Leo hajui kubadili gia, hajui kukaa kwenye kiti mlima ukiwa na changarawe, anachoka mikono. Hayo mtu anaweza kujifunza mengi yake ndani ya miezi miwili. Injini haikui haraka hivyo. Usimdharau, na ukipata nafasi panda naye mara nyingi.

Kuna kosa jingine ambalo nililifanya mwenyewe, na nalieleza ili nanyi msilirudie. Miaka ya nyuma nilikuwa nafundisha vijana Tabora. Tabora ni tambarare; unaweza kunyonga asubuhi nzima kwenye barabara ya Sikonge usikute mlima wa kukutoa jasho. Nikawapima kwa dakika 20 kwenye barabara iliyonyooka, nani afike mbali. Aliyeongoza alikuwa kijana mkubwa, mnene wa mapaja, kilo 80 hivi. Kijana mwembamba wa kilo 56 alikuwa nyuma kabisa, nikamwambia afanye mazoezi aje mwakani. Tulipokuja Kigoma kwa mbio za vilimani, yule mkubwa alishuka na kusukuma baiskeli kwenye mlima wa tatu. Mwembamba nilikuwa nimemwacha nyumbani.

Sababu yake ni fizikia tu. Kwenye tambarare adui mkubwa ni hewa iliyo mbele yako, na hewa haijali sana una kilo ngapi. Mwenye nguvu nyingi kwa jumla anashinda. Mlimani kasi inashuka, hewa inaacha kuwa shida, na adui anakuwa uzito wako mwenyewe unaoupandisha mita kwa mita. Hapo la kuuliza ni una nguvu kiasi gani kwa kila kilo. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya kahawa vya Kalinzi vinafika kama mita 1,500. Mbio zinazoanzia bondeni kwenda kule ni mbio za kubeba mwili. Kipimo cha tambarare kingekudanganya hata kama kingefanywa kwa baiskeli.

Sasa ni nini hasa mbio hizo zinataka? Waendeshaji waliofungwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo kwenye mashindano walionekana kukaa kwa wastani kama asilimia 90 ya mapigo yao ya juu kabisa, na muda mwingi wakiwa juu ya kizingiti, yaani ile hali ambayo mwili unaanza kutumia akiba yake ya nguvu. Linalowashangaza wengi ni kwamba mapigo hayashuki sana hata kwenye mteremko ambako hunyongi. Mikono, mabega na mgongo vinakaza kushika usukani unaorukaruka, na moyo unaendelea kulipia. Halafu njia ya mawe haikuruhusu kunyonga sawasawa. Unanyonga kwa nguvu sekunde 20 kupita korongo, unapumzika sekunde 10, unapigana na mchanga, unasimama kwenye pedeli kuruka mzizi. Kila mfyatuko unachota kutoka kwenye akiba, na akiba hujazwa tu ukirudi chini ya kizingiti. Mwenye akiba kubwa asiyejua kuijaza atawaacha wote kwenye kilomita ya kwanza, na mtampita amekaa chini ya mwembe.

Kwa hiyo kipimo kinachotabiri ni kile kinachofanana na mbio zenyewe. Hamhitaji mashine. Mnahitaji mlima, simu yenye kuhesabu sekunde, daftari, na uvumilivu wa kurudia.

Tafuteni kwanza mlima mmoja wa vumbi unaochukua kati ya dakika 12 na 20 kuupanda bila kusimama. Msiutafute kwenye lami ya kwenda Manyovu, malori yatawamaliza; ingieni njia za pembeni. Wekeni alama ya kuanzia kwa jiwe lililopakwa chokaa na alama ya kumalizia kwenye mti usiohama. Kila mtu apande peke yake, wakiachana dakika mbili, ili mtu asivutwe na mwenzake. Muda wake ndio jibu. Kwa kuwa mlima ni mmoja kwa wote, huhitaji hesabu yoyote: aliyetumia muda mfupi ndiye mwenye nguvu nyingi kwa kila kilo anayoipandisha.

Kama kocha anapenda namba, mpeni hii. Zidisha uzito wote kwa kilo, yaani mwili, baiskeli na maji, kwa 9.81, kisha kwa mita za wima mlizopanda, ugawe kwa sekunde. Tuseme una kilo 58, baiskeli na maji kilo 16, jumla 74. Mlima una mita 180 za wima na umepanda kwa dakika 14, yaani sekunde 840. Unapata kama wati 156 (wati ni kipimo cha nguvu), au 2.7 kwa kila kilo ya mwili wako. Ni nguvu ya kupandisha uzito peke yake. Msuguano wa tairi kwenye vumbi haumo, kwa hiyo nguvu yako halisi ni zaidi ya hapo. Hiyo 2.7 msiilinganishe na namba za waendesha baiskeli wa Ulaya mnazoziona mtandaoni, zinatoka kwenye vifaa tofauti. Ilinganisheni na yenu ya mwezi ujao. Mita za wima nazo msizichukue kwenye simu mara moja mkaamini. Simu hukosea kimo kirahisi. Pimeni mara nne tano mpate wastani.

Kipimo cha pili nakipenda kuliko vyote, na kama mtafanya kimoja tu fanyeni hiki. Chagueni kipande kifupi chenye mwinuko mkali, cha dakika nne hivi. Panda, shuka taratibu, na kila baada ya dakika nane kamili uanze tena, mara tano. Andikeni kila muda. Niwaonyeshe daftari linavyosema. Kijana wa kwanza ameandika 4:02, 4:04, 4:05, 4:07, 4:08. Wa pili ameandika 3:41, 3:55, 4:14, 4:31, 4:40. Ukipima mpando mmoja tu, wa pili anamwacha wa kwanza sekunde 21 na kila mtu anampigia makofi. Ukijumlisha mitano, wa kwanza ametumia 20:26 na wa pili 21:01. Na mbio zenu si milima mitano ya dakika nne, ni kilomita 45. Yule wa pili si dhaifu. Ana mfyatuko mkubwa lakini hajazi akiba, au alianza kwa pupa. Ndiyo maana mara ya kwanza ni ya kujifunza tu. Rudieni baada ya siku tatu nne, na matokeo ya mara ya pili ndiyo ya kuandika kwa wino.

Cha tatu ni njia yenyewe. Wiki tatu kabla ya mbio, kama waandaaji wanaruhusu, zungukeni sehemu ngumu ya njia kwa kasi ya mashindano na mpime kupanda na kushuka kila kimoja peke yake. Mtagundua kuna mtu anayepata dakika moja mlimani na kuipoteza yote kwenye mteremko kwa sababu anabana breki kwa woga. Huyo hahitaji mazoezi zaidi ya pumzi.

Vipimo vyote hivi vinaharibiwa na vitu vidogo, na hapa ndipo ninapoona vikundi vingi vikijidanganya. Ukimpima mmoja kwenye baiskeli nzuri ya gia na mwingine kwenye baiskeli ya mizigo, umepima baiskeli. Tumieni ile ile moja mkipokezana, au wote watumie zile tano kwa zamu. Upepo wa tairi uwe sawa. Tairi lililolegea kwenye changarawe linaweza kuiba sekunde nyingi. Pimeni asubuhi saa moja au saa mbili, si mmoja asubuhi na mwingine saa nane mchana juani, wala mmoja kabla ya mvua na mwingine kwenye tope. Wewe hasa, usibebe mawese siku mbili kabla ya kipimo. Najua hiyo ni pesa inayopotea, na sisemi hivyo kirahisi, lakini ukipima ukiwa na miguu iliyotoka kusukuma kilo 72 tutarudi kwenye hadithi ile ile ya uwanjani. Hata mkifanya yote hayo, muda wa mtu yule yule hupanda na kushuka kama asilimia mbili bila sababu yoyote. Kwenye mlima wa dakika 14 hizo ni sekunde 17. Kwa hiyo aliyekuzidi sekunde sita hajakuzidi. Na wewe ukipunguza sekunde nane usichinje kuku bado.

Mkitaka kuhesabu mapigo ya moyo, hesabuni, yanasaidia kujua mtu amejituma kiasi gani. Ila ile kanuni ya 220 kutoa umri, ambayo kwako inatoa 196, inaweza kukosea kwa mapigo 10 au 12 kwenda juu au chini bila mtu kuwa na kasoro.

Kuna yasiyopimika kabisa kwa saa. Mwaka 2021, kwenye mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya Tokyo, Mathieu van der Poel wa Uholanzi alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kuliko wote waliosimama kwenye mstari. Mzunguko wa kwanza alifika kwenye mwamba wa kuruka akidhani kuna ubao wa kushukia, kwa sababu siku za mazoezi ulikuwepo. Haukuwepo. Akaruka juu ya usukani, na medali ikaishia pale. Tom Pidcock wa Uingereza ndiye aliyeshinda siku ile. Miaka mitatu baadaye, Paris 2024, Pidcock huyo huyo alipata pancha, akapoteza kama sekunde 40, akabadilishiwa gurudumu, akawafuata mmoja mmoja hadi akashinda tena. Kwenu hakutakuwa na fundi anayesubiri na gurudumu pembeni. Atakayeweza kutoa tyubu, kubandika kiraka na kujaza upepo ndani ya dakika tano kifuani kukiwa kunahema, huyo ana dakika ambazo mita 3,000 za uwanjani hazimpi mtu. Nadhani wewe kazi hiyo unaijua kwa kufumba macho. Ila kushuka kwa kasi bila mzigo si sawa na kushuka na dumu nne. Baiskeli isiyo na mzigo inarukaruka na kuteleza. Jifunze upya, ukiwa na helmeti, kwenye mteremko mfupi kwanza.

Sasa kuhusu kocha. Usiende kumwambia kipimo chake ni cha ovyo, kwa sababu si cha ovyo, na mbele ya wenzako utamvunjia heshima bure. Mfuate jioni akiwa peke yake. Mweleze kwamba ulikuwa umetoka kwenye malaria na sasa unakwenda kupimwa damu, kisha umwombe kikundi kizima kipimwe tena mlimani kabla ya kugawa baiskeli, na mcheza mpira awemo. Ukiomba kwa ajili ya wote 18 atakusikiliza kuliko ukijiombea mwenyewe. Akikataa, bado ana haki yake kama kocha, na wewe una mlima wako na daftari lako.

Ujiandae pia kwa jibu usilolitaka. Huenda damu ikawa sawa, ukapumzika vizuri, ukapanda mara mbili kwa haki, na bado ukawa wa tisa. Hapo utakuwa umepimwa kweli, na wale watano watakuwa wamestahili. Namwamini zaidi mtu aliyeukosa mlima kwa kipimo cha haki kuliko aliyepewa baiskeli kwa kusikitikiwa. Huenda pia daktari akakwambia subiri, usishindane mwaka huu. Akisema hivyo, mtii, hata kama siku hiyo unajisikia una nguvu za simba.

Muda unatosha kama hutapoteza wiki. Wiki hii hospitali. Wakikuruhusu, wiki mbili za kunyonga kwa utulivu, kiasi cha kuweza kuongea na mwenzako bila kukatika pumzi. Wiki ya nne mlima mrefu na ile mipando mitano, mara ya kwanza ya kujifunza na mara ya pili ya kuandika. Kuanzia hapo, siku mbili kwa wiki mipando mikali, siku nyingine kazi yako ya kawaida, na wiki ya mwisho upunguze mzigo hata kama sokoni wanakuita.

Ukishapata majibu ya damu na namba zako tano za mlimani, niandikie tena. Weka na uzito wako, na uzito wa baiskeli uliyotumia, nami nitakaa nazo nikupigie hesabu.